Marudio ya dhahabu na mabaki mengine ya machimbo, Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi hapa yanatoka kwa wenye mialo (miteremko ya kuoshea yenye zulia) na makarasha (mashine za kusaga mawe) upande wa Ruangwa na Nachingwea, na baadhi kutoka Masasi, Nanyumbu na Kilwa. Dhahabu imechukua nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayopoteza watu fedha nyingi. Jasi, grafiti na vito tumeviweka kuelekea mwisho.

Marudio ni nini, na yana tofauti gani na magwangala?

Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kupita mwaloni, ukabaki baada ya dhahabu ya kwanza kukamatwa. Magwangala ni mawe ya taka ambayo hayajasagwa kabisa. Kwa marudio, gharama ya kuchimba na kusaga ilishalipwa. Kwa magwangala bado. Ndiyo maana rundo la marudio lenye gramu 3 kwa tani linaweza kulipa, huku magwangala yenye gramu hizo hizo yakikurudisha nyumbani na deni la dizeli.

Kwa nini dhahabu ilibaki wakati tuliosha vizuri na zebaki tuliweka?

Zebaki hukamata dhahabu iliyo wazi na yenye punje za kutosha kuigusa. Iliyofungwa ndani ya jiwe haioni, na ile laini kama unga huelea na maji na kupita juu ya zulia. Kwa njia ya mwalo na zebaki, mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki kwenye mchanga. Huo si uzembe wa mwoshaji, njia yenyewe ndivyo ilivyo.

Nina rundo nyuma ya karasha. Nitajuaje lina tani ngapi?

Usikisie kwa jicho wala kwa idadi ya matoroli. Rundo la duara lenye ncha lipimwe hivi: zungusha kamba chini, pima urefu wake, gawa kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Pima kimo kwa fito iliyosimama na kamba iliyolala sawa. Ujazo ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara kimo, mara 3.14, kisha gawa kwa 3.

Tuseme mzunguko ni mita 31.4 na kimo ni mita 2. Nusu kipenyo ni mita 5, ujazo ni mita za ujazo 52.

Sasa uzito. Jaza ndoo ya lita 20 marudio yaliyoshindiliwa kama yalivyo kwenye rundo na uipime, ukitoa uzito wa ndoo. Ukipata kilo 29, basi mita moja ya ujazo ina tani 1.45, na rundo lina tani 76. Lakini hizo ni tani zenye maji. Chukua kilo 1 ya marudio, ikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo nje ya nyumba, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda huko (kama zebaki ilitumika, anika juani badala ya moto, maana mvuke wake ni sumu). Ikibaki gramu 920, maji ni asilimia 8, na tani kavu ni 70. Maabara hutoa gramu kwa tani kavu. Ukizidisha kwa tani mbichi umejidanganya kwa asilimia 8 kabla hata hujaanza.

Sampuli naichukuaje?

Hapa ndipo rundo linapolipa au linapoua. Kosa la kawaida ni kuchota koleo moja pembeni, juu juu, na kuipeleka maabara. Mvua huosha uso wa rundo, laini hushuka, nzito hubaki. Koleo ya juu inaweza kusema gramu 9 wakati rundo zima lina 2.

Tumia bomba la plastiki la inchi 2, lenye urefu unaofika chini ya rundo, ncha moja imekatwa mshazari. Pigilia wima kwa nyundo ya mbao kila baada ya mita 2 hadi 3 kwa rundo dogo, mita 5 kwa uwanja mpana. Lifike hadi ardhi ya asili. Ukizibua, udongo wote uliomo ndani ni sampuli, usichague. Marudio makavu sana yatamwagika kutoka kwenye bomba, kwa hiyo mwagia maji kidogo kwanza. Ya tope yatakwama ndani, na hayo utayasukuma kwa mti.

Kausha zote, vunja mabonge, changanya juu ya turubai kwa kuvuta pembe moja baada ya nyingine angalau mara 20. Tengeneza rundo dogo, libonyeze liwe kama chapati, ligawe mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia hadi ubaki na kilo 2 hivi. Gawa hizo katika mifuko mitatu: mmoja wa maabara, mmoja wako, mmoja wa akiba. Andika tarehe, rundo na namba kwa kalamu isiyofutika, na weka karatasi nyingine ndani ya mfuko, maana maandishi ya nje hufutika barabarani.

Ukiweza, peleka pia mashimo ya upande mmoja peke yake na ya upande mwingine peke yake. Marundo mengi yamejengwa na maduara (machimbo) tofauti kwa miaka tofauti. Nusu inaweza kustahili vati (bwawa la kuyeyushia dhahabu ya mchangani kwa maji ya sayanaidi) na nusu isistahili.

Nimeosha kwa karai sikuona hata chembe. Rundo halina kitu?

Karai haioni dhahabu laini. Jibu liko maabara.

Maabara niombe vipimo gani?

Omba vinne, si kimoja. Cha kwanza ni dhahabu yote, kwa njia ya kuyeyusha kwa moto. Cha pili ni jaribio la kuyeyusha kwa sayanaidi kwenye chupa inayozunguka, saa 24 hadi 72. Hiki ndicho kinachosema utapata kiasi gani kwa kweli, na pia rundo litameza sayanaidi na chokaa kiasi gani kwa tani. Cha tatu ni shaba. Cha nne ni zebaki. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ina maabara, na Afisa Madini Mkazi anaweza kukuelekeza kwenye nyingine.

Tuendelee na mfano wetu. Tani kavu 70, gramu 3.2 kwa tani, ni gramu 224. Jaribio la chupa likisema asilimia 75, tarajia vati litoe kama 65, kwa sababu ndani ya chupa mchanga unachanganywa mfululizo na hewa ipo. Unabaki na gramu 145 hivi. Zizidishe kwa bei ya siku hiyo, toa saruji, chokaa, sayanaidi, kaboni (makaa maalumu yanayokamata dhahabu iliyoyeyuka), vibarua, maji, mrabaha na gharama ya mwenye plenti ya kutoa dhahabu kwenye kaboni. Kama kilichobaki hakikushawishi, liache rundo. Gharama ya kujua hivyo ni vipimo tu.

Shaba inadhuru nini?

Gramu 1 ya dhahabu inahitaji takriban nusu gramu ya sayanaidi ya sodiamu kuyeyuka. Gramu 1 ya shaba inayoyeyuka inakula zaidi ya gramu 2. Rundo likiwa na gramu 3 za dhahabu na gramu 500 za shaba inayoyeyuka kwa tani, unanunua sayanaidi ya kulisha shaba. Dalili yake ni mchanga wenye madoa ya kijani au bluu.

Huku kwetu kuna grafiti kila mahali. Inaharibu?

Inaweza. Mwamba wenye kaboni ya asili una tabia ya kunyonya dhahabu iliyokwisha kuyeyuka, kabla haijafika kwenye kaboni yako. Mafundi husema udongo unaiba. Grafiti ya magamba makubwa huiba kidogo, kaboni changa nyeusi ya vumbi huiba zaidi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Waombe maabara warudie jaribio la chupa mara ya pili wakiwa wameweka kaboni ndani tangu mwanzo. Matokeo ya pili yakizidi ya kwanza kwa mbali, mwizi yupo. Rundo la namna hiyo halifai vati. Linahitaji matanki ya kukoroga yenye kaboni ndani, mtambo wa daraja jingine kabisa.

Marudio yangu yalitumia zebaki. Naweza kuyaweka vatini moja kwa moja?

Hapana. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unaitaja kazi hiyo kati ya mbaya za kukomeshwa: kumwaga sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa zebaki kwanza. Sababu si ya karatasi tu. Sayanaidi huyeyusha zebaki, ikasafiri na maji hadi kisimani, na nyingine hukaa kwenye kaboni ikichukua nafasi ya dhahabu. Kaboni ikifika plenti, zebaki hupanda hewani kwenye tanuri na mfanyakazi anaivuta.

Yapitishe kwanza marudio mwaloni tena, polepole, mchanga mwembamba na maji mengi kuliko kawaida, na mwisho wa mwalo weka bamba la shaba lililopakwa fedha. Zebaki iliyomeguka hunata hapo pamoja na dhahabu iliyoshikana nayo. Bamba likigeuka jeupe na kuanza kuteleza, likwangue kwa mpira mgumu. Kilichokwanguliwa kichomwe ndani ya ritoti (chombo kinachonasa mvuke wa zebaki) iliyofungwa, siyo kwenye sahani jikoni. Kisha pima zebaki tena. Mara nyingi kazi hii inalipa yenyewe kwa dhahabu ya punje nene ambayo vatini isingeyeyuka kwa wiki mbili.

Vibali?

Leseni ya uchimbaji mdogo haitoshi kuchenjua kwa sayanaidi. Unahitaji leseni ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini, idhini ya mazingira kupitia NEMC (baraza la mazingira), na usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya kununua, kutunza na kusafirisha sayanaidi. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanahusika na eneo la kazi. Kuhamisha marudio au kaboni kwenda wilaya nyingine ombea kibali kwa Afisa Madini kabla ya kupakia. Na kabla ya yote, maliza na mwenye leseni ya eneo ni nani mwenye rundo, kwa maandishi. Mzee aliyesaga pale miaka 10 iliyopita atajitokeza siku kaboni inapopakiwa.

Vati linajengwaje?

Kwa rundo la mfano wetu, vati la mita 4 kwa 4 linatosha ukijaza mara mbili. Mchanga ukae kimo cha mita 1.6 hivi, yaani mita za ujazo 26, tani kavu 35 hivi. Kuta ziwe na sentimita 30 zaidi juu ya mchanga ili maji yasimwagike.

Sakafu ya zege iteremke sentimita 8 kutoka nyuma hadi kwenye tundu la kutolea. Kuta za tofali za saruji zipigwe lipu ndani mara mbili, au zitandikwe plastiki nzito ya mabwawa. Jaza maji matupu, weka alama, subiri siku mbili. Alama ikishuka kuliko maji ya ndoo iliyowekwa pembeni juani, vati linavuja, na ufa wa unywele uliopita maji utapita dhahabu pia.

Chini laza bomba la inchi 2 lililotobolewa, lifunike kwa kokoto sentimita 15 hadi 20, kubwa chini na ndogo juu. Juu ya kokoto tandika magunia, tabaka mbili, yakipandiana sentimita 30, kingo zikikunjwa kupanda ukutani. Magunia ya katani au yale ya korosho yanafaa. Ya nailoni ya mbolea yanaziba haraka kwa tope. Usisahau pembe: maji yakipata njia pembeni ya gunia, mchanga unaingia bombani na vati zima linafukuliwa kwa koleo.

Nje, tanki la maji yenye dhahabu lijengwe chini ya usawa wa tundu, na kati yake na vati ziwekwe pipa tatu za kaboni zikifuatana. Maji yaingie kila pipa kwa chini na kutoka juu. Uzio uzunguke yote. Mbuzi hawasomi kibao.

Chokaa, saruji na sayanaidi niweke kiasi gani?

Jaribio la chupa ndilo linaloamua, lakini kwa kuanzia:

Chokaa kilo 3 hadi 5 kwa tani, ichanganywe na mchanga mkavu kabla haujaingia vatini. Kwa tani 35 ni kilo 140 hivi. Ukiimwaga juu kama unga wa ugali, juu patakuwa pakali na chini pachachu.

Saruji kilo 5 kwa tani kama mchanga una tope. Changanya na chokaa, nyunyiza maji hadi ukikamata konzi ifumbate bila kudondosha maji, viringisha kwa koleo hadi vumbi lishikamane kuwa vipunje, acha vikauke siku moja au mbili. Mchanga safi hauhitaji saruji.

Maji ya kuanzia ni mita za ujazo 12 hadi 15, nayo yawe na sayanaidi miligramu 700 kwa lita. Mita 15 mara 0.7 ni kilo 10.5. Hii iongezwe tu baada ya pH (kipimo cha uchachu, kikishuka maji yamezidi kuwa machachu) ya maji yanayotoka chini kufika 10.5. Katika siku zote za kazi, vati kwa kawaida litakula nusu kilo hadi kilo 1 kwa tani. Kuongeza dozi mara mbili hakuongezi dhahabu mara mbili. Kinachopungua mara nyingi ni hewa. Kwa hiyo baada ya siku tatu za kuzungusha, mwaga maji yote yaende tankini na acha mchanga upumue saa 12 kabla ya kurudisha.

Maji ya visima vya pwani, vya chumvi, ni tabu. Magnesiamu iliyomo hula chokaa na pH inakataa kupanda juu ya 10. Kama kisima ni cha chumvi, vuna maji ya mvua au chota mbali.

Nitapimaje sayanaidi bila mashine?

Unahitaji nitreti ya fedha, iodidi ya potasiamu, maji yaliyotoneshwa, bomba la sindano la mililita 10 na chupa nyeusi.

Yeyusha gramu 1.733 za nitreti ya fedha katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima: yakiwa na chumvi, utaona wingu jeupe papo hapo na dawa imekufa. Itunze gizani.

Chukua mililita 10 za maji ya vati, zilizochujwa zikawa angavu. Weka matone 5 ya iodidi. Dondosha dawa ya fedha kutoka kwenye bomba la sindano huku ukitikisa. Kila tone litaleta wingu na kupotea. Simama pale wingu la njano hafifu linapokataa kupotea. Kila mililita uliyotumia ni miligramu 100 za sayanaidi kwa lita. Mililita 4.5 ni 450. Weka karatasi nyeusi nyuma ya glasi, utaliona wingu mapema zaidi.

Usivute kitu chochote kwa mdomo. Pima asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari pamoja na pH. Ikishuka chini ya 300 katika wiki ya kwanza, ongeza. Wiki ya mwisho iache ishuke yenyewe.

Maji hayashuki. Nifanyeje?

Kwanza usichome mchanga kwa nondo. Wengi hufanya hivyo, maji yanashuka kweli, lakini yanapita kwenye matundu hayo tu na mchanga ulio kati unabaki mkavu na dhahabu yake. Wala usikanyage ndani ya vati.

Mwendo mzuri ni sentimita 1 hadi 3 kwa saa. Chini ya nusu sentimita, kuna tope. Huenda mchanga uliingizwa kwa maji, ukajipanga tabaka, au vibarua walijaza tope la chini ya bwawa upande mmoja. Dawa ni kufukua, kukausha, kuchanganya na mchanga mnene na kuviringisha kwa saruji. Inauma, lakini vati lililoziba haliponi kwa kusubiri.

Ili lisikukute, jaribu kabla: bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 1, gunia limefungwa chini, jaza marudio, weka maji juu na upime yanavyoshuka kwa saa.

Maji yanashuka, sayanaidi ipo, lakini kaboni haina dhahabu.

Peleka maabara maji yanayoingia kwenye pipa la kwanza na yanayotoka pipa la mwisho. Yote mawili yakiwa matupu, dhahabu bado imo mchangani: imefungwa kwenye jiwe, au grafiti inaiba, au pH ilishuka usiku ukakosa kuona. Yote mawili yakiwa na dhahabu, kaboni ndiyo mbovu. Imepakwa mafuta ya jenereta, imeganda chokaa, au maji yanapita kwa kasi mno. Kama yanaingia na dhahabu na yanatoka bila, lakini plenti inasema kaboni haina, hesabu kilo za kaboni. Iliyosagika huelea na kuondoka ikiwa imebeba dhahabu yako, kwa hiyo kila pipa liwe na wavu mlangoni, na kaboni mpya ioshwe vumbi kabla ya kutumika.

Kaboni inatokana na vifuu vya nazi, na nazi huku hazihesabiki. Siwezi kuchoma mwenyewe?

Makaa ya vifuu si kaboni hai. Ili yawe hai lazima yapitishwe mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, ndipo vitundu visivyoonekana hufunguka. Makaa ya jikoni yatakamata kidogo na kusagika. Uza vifuu, nunua kaboni. Kwa mfano wetu kila vati lina gramu 73 hivi zinazotarajiwa. Kilo 60, yaani 20 kila pipa, ni salama.

Lini niache kuzungusha?

Siku 7 hadi 14. Acha pale maji yanayotoka kwenye mchanga yanapokuwa na dhahabu ile ile, kidogo, kwa siku tatu mfululizo.

Hatari yenyewe ni ipi, kwa uwazi?

Gesi. pH ikishuka hadi 9.2, nusu ya sayanaidi iliyomo majini imeshakuwa tayari kupaa kama gesi. Inasemekana ina harufu ya lozi chungu, lakini watu wengi kwa maumbile hawaisikii kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Tindikali ya betri, siki, hata mvua kubwa juu ya vati lisilo na chokaa ya kutosha, vyote vinashusha pH. Chokaa kwanza, sayanaidi baadaye, kila mara. Ghala la sayanaidi lisiwe na tindikali, wala asilale mtu humo.

Mtu akianguka: usimkimbilie bila kinga, maana wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Mtoe kwenye hewa, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi, usimpulizie mdomo kwa mdomo. Nenda hospitali ya wilaya kabla ya kuanza kazi, uwaulize kama dawa ya kutibu sumu ya sayanaidi wanayo. Wasipokuwa nayo, ni heri kujua sasa.

Vati limekwisha. Mchanga naupeleka wapi?

Uoshe ungali ndani, mara tatu, kwa maji masafi. Maji ya kuoshea yanakwenda vati linalofuata, yana sayanaidi na dhahabu bado. Mabaki ya mwisho yauawe kwa klorini ya unga, pH ikiwa juu ya 10.5 muda wote, la sivyo hutoka gesi nyingine mbaya. Pima hadi sayanaidi isionekane. Mchanga ukae kwenye shimo lenye sakafu ya plastiki au mfinyanzi ulioshindiliwa, mbali na mkondo. Mito ya Mbwemkuru na Lukuledi ina watu na mifugo njia nzima hadi baharini.

Mvua zikianza?

Lindi na Mtwara msimu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Panga kujaza kuanzia Juni, na umalize kabla ya Novemba. Kuanzia Oktoba vibarua nao wanaondoka, wanaokota korosho.

Mchanga wa marudio unafaa matofali?

Uliopita zebaki au sayanaidi, hapana, hata kama jirani amejengea choo. Magwangala safi yanafaa kokoto, isipokuwa yenye kutu ya kahawia na chembe zinazong'aa kama shaba, maana hizo huchachuka na maji na kula zege.

Na mabaki ya jasi Kilwa?

Machimbo ya Makangaga na Kiranjeranje huacha vipande vidogo vilivyochanganyika na mfinyanzi kwa sababu wanunuzi wa saruji wanataka mabonge. Anika hadi mfinyanzi upasuke, pitisha chekeche la milimita 10 na jingine la 3. Kilichobaki kati ya hayo mara nyingi kinauzika, kilichopita la mwisho ni udongo. Usioshe kwa maji mengi, jasi yenyewe huyeyuka kidogo. Peleka sampuli kiwandani kabla ya kukodi gari, maana usafiri ndio unaoamua.

Grafiti?

Ukanda wa Matambalale na Chunyu una magamba makubwa, na bei yake inategemea ukubwa wa gamba. Ukisaga mabaki upya ili kupata kaboni zaidi, unavunja kile kinacholipwa. Chekecha kwanza kwa wavu wa milimita 0.3 na 0.18, pima kaboni ya kila fungu peke yake, kisha elea fungu nene kwa mafuta ya taa kidogo na kitoa povu. Mabaki yenye madini ya salfa yafunikwe, yanatoa maji machachu.

Vifusi vya vito, Ruangwa hadi Nanyumbu?

Garneti ina uzito mara 3.6 hadi 4.3 ya maji, kwatzi 2.65. Toa vumbi kwa chekeche la milimita 3, toa mawe kwa la 25, kisha chekecha cha kati ndani ya pipa la maji kwa mwendo wa juu na chini, mfupi na wa haraka. Geuza chekeche juu ya meza kwa mkupuo: nzito zitakuwa juu katikati. Angalia jua likiwa nyuma ya jiwe. Kifusi cha zamani kilichochambuliwa kikiwa kikavu ndicho chenye matumaini, vumbi lilificha rangi.

Dhahabu ikipatikana nauza wapi?

Soko la madini la mkoa au kituo cha ununuzi kilichosajiliwa. Tangu marekebisho ya 2017, hesabu mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na ushuru wa halmashauri. Uliza kwa Afisa Madini viwango vya mwaka huo, hubadilika kwenye bajeti.

Mnunuzi amekuja na tipa, anataka kulinunua rundo zima kwa tripu. Nikubali?

Bei ya tripu inamfaa aliyepima, na aliyepima ni yeye. Uza kwa tani kavu na gramu kwa tani. Chukueni sampuli pamoja kwa bomba, mbele ya mashahidi, mgawane mifuko mitatu: wako, wake, na wa tatu ufungwe, usainiwe na nyote wawili, ukae kwa mtu mliyekubaliana. Vipimo vyenu vikitofautiana kwa zaidi ya kile mlichoandika kwenye mkataba, mfuko wa tatu unakwenda maabara nyingine na jibu lake ndilo la mwisho. Akikataa mfuko wa tatu, mwambie tipa ligeuze.